Mlango Uliokataa Kufunga

Kuambiwa "nakupenda" mara moja ni bahati. Kuambiwa mara mbili ni neema. Kuambiwa mara tatu kwa siku moja, na mtu yule yule, kwenye benchi lile lile, kila mara akianza kwa kukohoa na kusema, "Kuna jambo sijawahi kukuambia," hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Usitikisike alilijua hilo kuliko wengi, maana kazi yake ilikuwa kupiga picha vichwa vya watu. Jina hilo alipewa na wenzake hospitalini kwa sababu ndilo neno alilolisema kutwa nzima kwenye kipaza sauti: usitikisike, kaka, usitikisike, bibi, mzee wangu, nakuomba, usitikisike. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mikono isiyotetemeka na, kwa wiki mbili sasa, usingizi wa kuokoteza.

Aliyemwambia maneno yale mara tatu alikuwa seremala wa hospitali, kijana mrefu ambaye kila mtu alimwita Fundi. Wiki tatu nyuma walikuwa wakipandisha kabati ghorofani, kamba ikakatika, mlango wa kabati ukachomoka na kumgonga juu ya sikio. Alianguka, akainuka, akasema yuko sawa, akamaliza kazi. Picha ya kawaida ya kichwa haikuonyesha kitu. Lakini kichwa kiliendelea kumgonga, mwanga ukawa unamchoma macho, na mambo ya asubuhi yakawa hayafiki jioni. Siku ya nane akaja kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha picha, akamwambia Usitikisike kwamba anampenda na anataka kumuoa. Hiyo ilikuwa saa nne. Saa sita akarudi akamwambia upya. Saa tisa tena, kwa macho yale yale ya mtu anayeruka mtaro mpana akiwa hana hakika na ng'ambo.

Usitikisike hakujibu hata mara moja. Si kwamba jibu hakuwa nalo. Alikuwa nalo miezi mitano, limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliogopa jambo moja tu: je, aliyesema ni Fundi, au ni ule mlango wa kabati?

Leo Fundi alikuwa ameandikiwa picha kwenye mashine kubwa ya sumaku, ile inayoona hata jeraha dogo kama punje ya mchanga. Asubuhi na mapema Usitikisike aliingia kwa daktari wa picha, mzee aliyevaa miwani moja machoni na nyingine kwenye kipara.

"Daktari, mgonjwa wa saa nne ananihusu."

"Ndugu yako?"

"Hapana."

"Jirani?"

"Hapana, Daktari."

Mzee alishusha miwani ya kipara, akamtazama kwa miwani mbili kwa pamoja. "Mwenzako yuko likizo. Wewe bonyeza, mimi nitasoma. Sumaku haijui nani anamhusu nani."

Saa nne kamili Fundi akaingia, kofia imeshushwa hadi nyusi, miwani nyeusi usoni. Nyuma yake akaingia mama yake, na nyuma ya mama ukaingia mkoba uliokuwa karibu kumzidi mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Mimi ndiye mpiga picha."

"Vizuri. Mimi nataka picha ya rangi. Kubwa. Ya kuonyesha watu."

"Mama," Fundi alisema taratibu.

"Nyamaza, unaumwa." Mama alimvuta Usitikisike pembeni, hatua mbili tu, kama vile hatua mbili zingemziba mwanawe masikio. "Sikiliza, mwanangu. Huyu nilimtafutia mchumba. Binti wa rafiki yangu, mshonaji, ana adabu, ana cherehani yake. Miezi sita hakusema kitu. Kagongwa na kabati, siku ya tisa ananiambia hataki. Mimi. Huyu tangu azaliwe hajawahi kuniambia hataki. Hata dawa ya minyoo alikuwa anakunywa akisema asante."

"Pole, mama."

"Anasema yuko msichana anampenda, wa hapa hapa hospitali. Daktari wa kwanza kaniambia mtu akigongwa kichwa anaweza kubadilika tabia. Nikasema, basi nimepona. Kumbe si mwanangu anayekataa, ni jeraha. Nionyeshe hilo jeraha nikamwonyeshe rafiki yangu, atibiwe, tuendelee na mipango."

Usitikisike alitazama juu ya bega la mama. Fundi alikuwa amevua miwani, anamtazama. Akairudisha haraka, kama mtu aliyechungulia jua.

"Tuanze na maswali," alisema Usitikisike, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyoipanga. Alichukua karatasi. Mbele ya mashine ile kulikuwa na mstari mwekundu sakafuni, na hakuna chuma kilichoruhusiwa kuuvuka. "Kaka, una chuma chochote mwilini?"

"Alimeza skrubu akiwa na miaka minne," mama alijibu.

"Ilitoka?"

"Ilitoka. Mimi ndiye niliyeingoja."

Fundi alifumba macho. Hilo, alijiambia Usitikisike, halikuwa la ugonjwa.

Mifukoni mwa Fundi zilitoka penseli, futi, misumari kumi na mmoja na bawaba ndogo. Kwenye mkoba wa mama zilitoka funguo, kufuli, na bisibisi yenye mpini wa mti uliong'aa kwa kushikwa.

"Bisibisi ya nini, mama?"

"Ya marehemu mume wangu. Mjane wa seremala hatembei mikono mitupu. Miaka thelathini nimekaa naye karakanani, binti. Mlango ukinijibu vibaya, najua unaumwa wapi."

Usitikisike alimpa Fundi vazi la hospitali na kumwelekeza chumba cha kubadilishia, nje ya ule mstari. Aliingia, akausukuma mlango. Mlango ukafunga, ukatafakari, ukafunguka wenyewe polepole. Fundi, shati likiwa kichwani, aliusukuma kwa kisigino. Ukarudi tena.

"Hospitali kubwa hivi," alisema mama, "mlango haufungi?"

"Tumeita fundi mara saba, mama."

"Saba? Fundi gani huyo asiyejua kazi?"

Shati ndani ya chumba kile halikutikisika.

"Ni huyu," alisema Usitikisike.

Mama alisimama wima. Unaweza kumtukana mwanawe kwa kukosa adabu, kwa kukosa akili, hata kwa kula sana. Kwa mlango, hapana. "Mwanangu hajawahi kutengeneza mlango ukamrudia. Kafundishwa na baba yake." Aliutazama mlango ule kwa jicho la mtu aliyeambiwa uongo, lakini mashine ilikuwa inangoja, akaliacha jambo hilo likae.

Fundi akalala kwenye kitanda chembamba. Usitikisike akamfunika kichwa kwa kikapu cha plastiki cha mashine, akamwekea pamba masikioni. Nyuso zao zilikuwa karibu kiasi cha kuhesabiana kope.

"Kuna jambo sijawahi kukuambia," alinong'ona Fundi.

"Umeniambia," alisema Usitikisike. "Sasa usiongee, na usitikisike."

Alirudi kwenye chumba cha mitambo, nyuma ya kioo. Mama alikuwa ameshavuta kiti, amekaa kando ya kipaza sauti kama mgeni wa heshima redioni. Mashine ikaanza kupiga kelele zake.

"Mwanangu, unasikia?" mama alisema kwenye kipaza sauti kabla ya kuzuiwa.

Sauti ya Fundi ikarudi, imejaa mwangwi. "Nasikia. Hii ya sasa ni msumeno butu."

"Usiongee, kaka," alisema Usitikisike.

"Na hii ni nyundo. Ya mtu aliyeajiriwa jana."

Mama alicheka, Fundi akacheka, na picha kwenye skrini ikatoka na vichwa viwili. Usitikisike akaanza upya. Safari hii alikizima kipaza sauti, na mama akabaki hana wa kuongea naye ila yeye.

"Huyo msichana wa hapa," mama alisema, "unamjua?"

"Hospitali ina wasichana wengi, mama."

"Ni yule wa mapokezi, mwenye makucha?"

"Sidhani."

"Hata mimi sidhani. Mwanangu hapendi makucha." Alimtazama Usitikisike mikono, kisha uso. "Wewe umeolewa?"

"Bado."

"Usichelewe. Una mkono mtulivu."

Mkono huo mtulivu ulibonyeza kitufe kisicho chake, ikabidi waanze tena.

Ilipotimu saa tano na nusu, daktari wa picha aliwaita wote mbele ya skrini yake. Fundi alikaa kwenye kiti amerudisha miwani yake nyeusi. Usitikisike alisimama mlangoni, mahali pa mtu ambaye yuko tayari kukimbia.

"Picha ya kwanza," alisema daktari, "ilikuwa ya kutafuta mfupa uliovunjika na damu nyingi. Haikuviona kwa sababu havikuwepo. Hii inatazama vitu vidogo. Nukta hizi tatu nyeusi mnaziona? Ni damu kidogo sana, kama chozi la sisimizi. Na hapa ni nyuzi za ubongo zenyewe. Tumezipaka rangi: nyekundu zinakwenda kushoto na kulia, kijani mbele na nyuma, bluu juu na chini."

Ilikuwa picha nzuri kwelikweli. Kichwa cha Fundi kilionekana kama shada la nyuzi za kutarizia. Upande mmoja tu, mbele, kijani kilikuwa kimepauka kama nguo iliyoanikwa juani siku nyingi.

"Pale palipopauka ndipo palipotikiswa," alisema daktari. "Kijana hajisingizii. Kichwa kinauma kweli na anasahau kweli. Jeraha ni dogo, litapona, lakini akipewa nafasi. Wiki sita hakuna karakana, hakuna ngazi, hakuna kelele."

Fundi alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Wiki tatu watu walikuwa wakimwambia hana kitu. Usitikisike naye alipumua, kisha pumzi ikakwama njiani, maana mama alikuwa amekwisha simama.

"Basi kama ni jeraha, alichonikatalia ni jeraha. Maneno ya mgonjwa hayashikwi. Daktari, nipigie hiyo ya rangi kwenye karatasi."

"Mama, picha inaonyesha palipoumia. Haionyeshi anampenda nani."

"Lakini anaweza kubadilika tabia. Wenzako wamesema."

"Anaweza. Kwa hiyo cha kuuliza ni kama alikuwa hivi kabla ya kugongwa."

"Kabla," alisema Fundi.

"Nani anasema? Wewe? Jana umenisalimia mara nne."

"Nina ushahidi, mama." Fundi alivua miwani, akafinya macho kwa mwanga. "Ule mlango."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mtu mmoja, na huyo alishika fremu.

"Mara ya kwanza uliharibika wenyewe, miezi mitano iliyopita. Nikaitwa. Nikamwona..." Alikohoa. "Nikamwona mtu. Nikautengeneza. Wiki ikapita, hawaniiti. Nikapita bila mtu kuniona, nikalegeza skrubu mbili. Wakaniita."

"Ulifanya nini?" Mama alikaa.

"Nililegeza, mama. Mara tatu. Ili niitwe nije nimwone."

Uso wa mama ulipitiwa na hali ya hewa ya mwaka mzima. Mtoto wa marehemu, aliyefundishwa kufunga mlango hadi hewa iombe ruhusa, kaharibu kazi yake kwa mkono wake. Ndipo alipotambua kwamba mtu hafanyi hivyo bila sababu nzito.

"Daftari la matengenezo liko wapi?" aliuliza.

Lilikuwa limening'inia kwa kamba ukutani. Daktari alilisoma kwa sauti. Mara saba, mwandiko wa Usitikisike, maneno yale yale: mlango wa kubadilishia haufungi. Ya saba iliandikwa siku moja kabla ya kabati kuanguka, na mlango ulikuwa haujatengenezwa hadi leo.

Mama alihesabu kwa vidole. "Mara moja wenyewe. Mara tatu wewe. Hizo ni nne. Na tatu zilizobaki?"

Fundi alikunja miwani yake.

"Nakuuliza."

"Labda nimesahau," alisema Fundi, akitazama sakafu.

"Mnaona? Hakumbuki. Kama hakumbuki tatu, na hizo nyingine anazikumbukaje? Kichwa hiki kinajitungia. Daktari, karatasi yangu."

Usitikisike alimtazama Fundi. Aliyajua macho yake yakisahau. Yalikuwa yanapanda juu, kulia, yakitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo juu ya kabati. Hayakuwahi kutazama chini. Huyu hakuwa amesahau. Huyu alikuwa anamsitiri mtu, na kwa kumsitiri alikuwa anautupa ushahidi wake mwenyewe, na mchumba mwenye cherehani alikuwa anakaribia kwa kasi.

Ilitosha anyamaze tu. Kichwa cha mgonjwa kingebeba lawama, kama kilivyokuwa kimebeba mengine yote, naye angebaki na heshima yake, kazi yake na mwiba wake kooni.

"Zile tatu ni zangu," alisema Usitikisike.

Daktari alishusha miwani ya pili.

"Nililegeza mimi, mama. Alikuwa akitengeneza vizuri mno siku nyingine. Hata hiyo ya saba ni mojawapo. Siwezi kusema ni kwa sababu ya kugongwa, sijagongwa na kitu."

Mama aliinuka, akachukua bisibisi yake mezani, akaenda hadi kwenye chumba cha kubadilishia, na wote wakamfuata kama watu wanaofuata jeneza. Aliinama kwenye bawaba, akapapasa skrubu moja moja kwa ncha ya kidole. Zilikuwa za shaba, kwa sababu ya sumaku, na shaba ni laini, haifichi siri ya aliyeigusa.

"Hii," alisema mama, "imefunguliwa na mtu anayejua. Mfereji wake safi. Huyo ni mwanangu, na baba yake angemchapa. Hii imetafunwa. Hii nayo. Hii imelia hadi ikachoka." Aligeuka. "Ulitumia nini, binti?"

"Mkasi, mama. Wa kukatia plasta."

"Mkasi kwenye skrubu ya shaba."

"Ndiyo, mama."

Mama alimtazama muda mrefu, juu hadi chini, hadi Usitikisike akahisi yuko ndani ya mashine yake mwenyewe na hakuna wa kumwambia lini itaisha.

"Miezi mitano," mama alisema mwishoni. "Watu wawili wazima, mmoja ana mshahara wa serikali, wanaharibu mlango badala ya kuzungumza. Na mimi namtafutia dawa mmoja." Akampa bisibisi, mpini mbele. "Kaza. Kulia. Usisukume, zungusha. Mkono mtulivu unao, sasa tuone kama una akili."

Usitikisike alipiga goti, akakaza. Skrubu ya kwanza iliteleza. Ya pili ikakubali. Fundi alirudisha miwani, akasogea nyuma yake, akainama ili aone, na mama hakumfukuza.

"Na rafiki yako, mama?" aliuliza Fundi kwa sauti ya chini.

"Nitampelekea picha ya rangi. Nitamwambia kichwa chako kimeumia. Si uongo, daktari kathibitisha." Alifikiri kidogo. "Na binti yake atalala usingizi. Nilimuuliza wiki jana kama anakupenda, akaniuliza wewe ni yupi."

Skrubu ya mwisho ilikaa. Usitikisike aliinuka ndani ya kile chumba kidogo, Fundi akiwa kando yake, hana pa kusogea. Mama aliushika mlango kwa nje.

"Tuujaribu," alisema, akaufunga.

Mlango ulifunga. Waliusubiri urudi, kwa mazoea. Haukurudi.

"Umekaa," ilisema sauti ya mama kutoka upande wa pili. "Nawapa dakika mbili, nami nina saa. Binti, mjibu mwanangu, asije akaanza upya."

Ndani kulikuwa na giza la kupendeza macho yanayouma. Fundi alivua miwani yake.

"Ulijua kuhusu mkasi," alinong'ona Usitikisike.

"Niliziona alama mara ya tatu. Ndizo zilizonipa moyo." Alikohoa. "Kuna jambo sijui kama nimeshakuambia."

"Umeniambia. Mara tatu."

"Na ulijibu nini?"

Usitikisike akamjibu. Kisha, kwa kuwa daktari alisema kumbukumbu yake bado ni dhaifu, akamjibu tena. Na nje, kabla dakika hazijaisha, mama alisikia jibu la tatu, akaitazama saa yake, akaamua imesimama.